Kabla ya kukata waya: kwa anayeanza kubadili kapasita za redio ya valvu

Redio ya valvu iliyokaa stoo miaka ishirini inatia hamu. Mkono unakimbilia plagi kabla akili haijaamka. Unataka tu usikie kama ingali hai. Usiichomeke. Ndani yake mna kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) za elektrolitiki zinazochuja umeme, nazo zina majimaji ya kemikali yanayokauka polepole. Utando wa oksidi ulio juu ya karatasi yake ya aluminiamu nao hudhoofika kapasita inapokaa bila umeme. Ukiitwisha ghafla volti 300, inavuja mkondo na kuchemka, pengine hata kupasuka, na haifi peke yake: valvu ya rektifaya, ile inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa upande mmoja, huungua nayo, na siku mbaya transfoma hufuata. Kapasita mpya unaipata. Transfoma ya redio ya mwaka 1955 utaitafuta mpaka uchoke.

Kama mwenyewe alishaiwasha akakuletea malalamiko kwamba "inavuma", muulize swali moja: mvumo unapungua ukipunguza sauti? Mvumo wa kapasita za kuchuja haujali kitufe cha sauti; hata kikiwa sifuri, spika inaendelea na wimbo wake uleule. Ukiona mvumo unapanda na kushuka pamoja na sauti, chanzo kinaelekea kuwa hatua za mbele, kabla ya kitufe. Swali hilo limeniokolea jioni nyingi za kubadilisha vitu vizima.

Sasa usalama, na hapa sitafupisha. Kapasita ya maikrofaradi 50 iliyojaa volti 350 ina nguvu ya kukurusha mkono uugonge ukingo wa chasisi, ile fremu ya chuma ya redio, hata redio ikiwa imezimwa na plagi iko mezani. Wapo mafundi wanaoimaliza chaji kwa kugusisha bisibisi. Inalia "paa!", inachoma ncha ya bisibisi, na inaumiza miunganisho ya ndani. Mimi natumia rezista ya omu 10,000, ya wati 5, iliyolehemewa waya mbili zenye ganda nene na vibanio miishoni. Kwa kapasita kama hiyo, sekunde tatu zinatosha. Mimi huhesabu hadi kumi. Kisha pima kwa multimita. Kisha subiri kidogo, upime tena, kwa sababu kapasita ya elektrolitiki ina tabia ya kurudisha volti kadhaa baada ya kumalizwa. Ninapopima redio ikiwa na umeme, mkono wangu mmoja uko mfukoni.

Kuna redio zisizo na transfoma ya umeme kabisa, zile ambazo nyuzi za joto za valvu zimeunganishwa kwa mfuatano. Humo chasisi yenyewe inaweza kuwa imeshikana na waya mmoja wa ukutani, na plagi ikigeuzwa, chuma chote kinakuwa moto wa umeme. Redio ya aina hiyo usiifungue ikiwa imewaka bila transfoma ya kutenganisha, ile inayoitenga redio na waya za ukutani. Kama huna, anza na redio nyingine.

Sasa kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Kopo la kapasita lilikuwa la alumini, refu kama kidole gumba, lina sehemu mbili ndani: chanya mbili zilizotoka chini kwenye vijino, na mwili wa kopo ndio hasi. Nilijua, kama kila anayeanza anavyojua, kwamba hasi inakwenda kwenye chasisi. Nikanunua kapasita mbili mpya, nikakata waya zote za kopo la zamani, nikakusanya za upande wa hasi na kuzilehemu pamoja kwenye kijino cha chasisi kilichokuwa karibu. Nilipowasha, mvumo ulikwisha. Redio iliimba vizuri kuliko nilivyotarajia, nami nikaegemea kiti kwa fahari. Dakika chache baadaye nikaona wekundu kwenye valvu ya kutoa sauti. Si ule mwanga wa chungwa wa katikati ambao ni wa kawaida. Bamba la nje lenyewe, anodi, lilikuwa limeiva kama mkaa.

Nilichokuwa sijakiona ni kipande cha kadibodi ngumu ya kahawia kati ya kopo na chasisi. Kiliwekwa makusudi ili kopo lisiguse chuma. Katika redio ile, waya wa kati wa transfoma haukwenda moja kwa moja kwenye chasisi. Ulikuja kwenye hasi ya kopo, na kutoka hapo mkondo wote wa redio ulipita kwenye rezista ndogo ndipo ufike kwenye chasisi. Volti chache zinazozaliwa kwenye rezista hiyo ndizo zinazoipa gridi ya valvu ya sauti, sehemu inayodhibiti mkondo ndani ya valvu, volti hasi yake. Kwa kulehemu kila kitu kwenye chasisi, niliiruka rezista ile. Gridi ikakosa hasi, na valvu ikaachia mkondo bila breki.

Tangu hapo, kabla ya kukata waya wowote, na kapasita ikiwa imeshamalizwa, napima omu kati ya mwili wa kopo na chasisi. Ikisoma sifuri, hasi iko kwenye chasisi. Ikisoma omu kadhaa au mia na zaidi, kuna rezista hapo katikati na hasi mpya lazima irudi palepale ilipokuwa ya zamani. Halafu nachora. Kopo la sehemu nyingi huwa na alama ndogo kwenye vijino vyake, nusu mwezi, mraba, pembetatu, na ubavuni limeandikwa kila alama ni maikrofaradi ngapi. Chora alama, andika rangi ya kila waya, piga picha kwa simu. Picha peke yake haitoshi. Waya tatu za kahawia zilizofifia zote zinafanana pichani.

Kuhusu thamani, usihangaike kutafuta namba ileile. Palipokuwa na 8 weka 10, pa 16 weka 22, pa 32 weka 33, pa 50 weka 47. Volti usishuke chini ya zilizoandikwa. 450 ndiyo ninayoweka mara nyingi, kwa kuwa baadhi ya rektifaya hupata moto kabla ya valvu nyingine na kwa sekunde chache volti hupanda juu ya kawaida. Ila usidanganyike kwamba kubwa zaidi ni bora zaidi. Kapasita ya kwanza kabisa baada ya rektifaya hunyonya mkondo kwa mikupuo mifupi, na ikiwa kubwa mno inaumiza kathodi, sehemu ya rektifaya inayotoa elektroni. Valvu ya rektifaya ya EZ80, kwa mfano, kikomo chake ni maikrofaradi 50.

Na kapasita mpya usiilehemu sambamba na ya zamani ukaiacha ya zamani humo. Mvumo utaisha, kweli, lakini ile mbovu bado inavuja na bado itapasuka. Ikate waya, kopo tupu libaki mahali pake kwa sura. Mimi huwa nalikata chini, nafukua uchafu wake, naficha kapasita mpya ndani. Ni kazi ya kujifurahisha tu.

Kuwasha mara ya kwanza, unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfuatano na waya wa umeme. Haikukingi na shoti ya mwilini, inaikinga redio. Ikimulika kwa muda mfupi kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa sana, zima.

Bado kuna kapasita moja ambayo si ya kuchuja, ile ya karatasi na nta iliyo kati ya anodi ya hatua ya kwanza ya sauti na gridi ya valvu ya kutoa sauti. Pima volti kwenye gridi hiyo kutoka chasisi. Ukikuta chanya, hata volti mbili tatu, zima redio na ubadilishe hiyo pia, kwa ya plastiki ya volti 630, siku hiyohiyo.