Uliza Tukujibu: Kwa Nini Oda Zangu Huchelewa Kila Wiki?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi cherehani, nina msaidizi mmoja. Kila asubuhi kabla sijafungua naandika orodha ya kazi za siku, na huwa ndefu: kazi kumi, wakati mwingine kumi na tano. Jioni nimekamilisha tatu au nne, zilizobaki nazihamishia kesho. Wateja nawaambia "njoo Jumamosi", na Jumamosi wanakuta nguo haina hata mikono. Wanakasirika, nami naona haya. Sichezi kazini, mguu uko kwenye cherehani tangu asubuhi. Nimejaribu kuamka mapema zaidi lakini naishia kuchoka tu. Nakosea wapi?
*Fundi Mchovu*

JIBU: Marahaba mwanangu. Uvivu haumo kwenye barua yako, kwa hiyo tuuache. Nakuuliza jambo moja: gauni lenye bitana linakuchukua saa ngapi, tangu unapotandika kitambaa mezani mpaka unapolitundika limeshapigwa pasi?

Nadhani umejibu upesi, na umesema saa nne. Nimewashikia hesabu mafundi na wenye biashara ndogo miaka mingi, na swali hili wote hulijibu upesi hivyohivyo. Wanataja muda wa ile siku moja ambayo uzi haukukatika, sindano haikuvunjika, na hakuna mteja aliyepita "kusalimia tu" akakaa nusu saa.

Huna haja ya kuona haya, maana ndivyo tulivyoumbwa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika jambo hili mwaka 1979: mtu akikadiria kazi yake mwenyewe huziwazia hatua zake moja baada ya nyingine, akasahau kujiuliza kazi kama hiyo ilimchukua muda gani mara zilizopita. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake nchini Canada walitoa matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu lini wangemaliza tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Walitumia zaidi ya siku 55. Hata walipoambiwa wakadirie kama kila kitu kingeharibika, walitaja siku 49 hivi, na bado hazikutosha. Sasa wewe na Jumamosi zako utapona vipi?

Nunua daftari jingine, la bei ndogo kuliko yote, uliweke kando ya cherehani. Hili si la mipango. Humo utaandika yaliyotokea: kazi gani, umeanza saa ngapi, umemaliza saa ngapi, na nini kimekukatiza. Ukurasa wako utasomeka hivi:

"Gauni la bitana. Kukata, saa mbili na nusu hadi tatu na robo. Nimesimama, mteja wa kupunguza suruali, anangoja hapohapo. Nimerudi saa nne. Zipu fupi, msaidizi ametoka kununua nyingine. Nimeshona mabega wakati nangoja. Simu mbili. Bitana imevuta, nimefumua upande mmoja. Saa saba, bado pindo."

Fanya hivyo wiki mbili bila kubadilisha chochote. Usijirekebishe, usijikaripie, andika tu. Mwisho wa wiki mbili utakuwa na kitu ambacho mafundi wengi hawana: muda halisi wa gauni, wa suruali, wa shati, na muda ambao mlango unakula kila siku. Kwa kawaida huu wa mlango ndio unaoshtua. Ukifungua saa kumi kwa siku na daftari likaonyesha umekaa kwenye cherehani saa sita, basi siku yako ina saa sita. Nne zilizobaki si zako, ni za wanaopima, wanaojaribu, wanaoulizia na wanaobembeleza bei.

Hapo ndipo upange. Chukua kalenda yenye nafasi kubwa za kuandikia, itundike mahali mteja anaweza kuiona. Kila oda inayoingia ikate saa zake kwenye siku maalumu. Gauni la saa saba linajaza Jumanne na kumega Jumatano. Alhamisi ikijaa, imejaa. Mteja mpya akisema "nalitaka Jumamosi", geuka uitazame kalenda, usiutazame uso wake, kwa sababu uso wa mteja haujawahi kuwa na saa za ziada. Mwambie, "Nafasi ya karibu ni Jumatatu ijayo." Wachache wataondoka. Ila hao hao ndio wangekuja Jumamosi kukufokea mbele ya wengine.

Na kwa nini wote waje Jumamosi? Umewazoesha wewe. Gawa siku za kuchukua nguo, na siku ya kujaribu uitenge na siku ya kuchukua, walau siku mbili katikati, upate pa kurekebisha bila kukimbizana.

Vile vikazi vidogo vya kupunguza, kubadilisha zipu na kutia vifungo vipe saa yao moja kwa siku, na zaidi vifanywe na msaidizi. Kimoja kimoja havina uzito, lakini kila ukiinuka kukifanya unarudi kwenye gauni ukitafuta ulipoishia. Kukata kitambaa kuweke mapema, kichwa kikiwa hakijachoka. Mshono hufumuliwa, kitambaa kilichokatwa vibaya hakina marekebisho.

Kuhusu kuamka mapema, acha. Ukiongeza saa asubuhi bila kubadilisha namna unavyoahidi, utapokea oda zaidi na utakuwa umechelewa vilevile, safari hii ukiwa na usingizi.

Kuna jambo hukuniuliza lakini daftari litakuambia lenyewe. Toa gharama ya kitambaa na vikorokoro kwenye bei ya gauni, kinachobaki kigawe kwa saa ulizotumia. Fanya hivyohivyo kwa shati. Usishangae ukikuta lile gauni unalojivunia linakulipa kwa saa chini ya suruali za kupunguza. Ukiona hivyo, kupanga ratiba vizuri hakutakutoa. Pandisha bei ya gauni au punguza idadi unazopokea kwa wiki.

SWALI: Mama, mimi natengeneza na kuuza samani. Hesabu zinanishinda. Kila siku najiambia nitaandika jioni, jioni nachoka. Risiti zimejaa kwenye mfuko wa nailoni. Halafu ujumbe wa simu hauishi, wateja wanataka picha, wanataka bei, hata saa nne usiku. Nifanyeje?
*Mwenye Mfuko wa Risiti*

JIBU: "Jioni" haina saa wala mahali, ndiyo maana haifiki. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba nia inayofungwa kwenye tukio maalumu, kwa mtindo wa "likitokea hili nitafanya lile", hutekelezwa zaidi ya nia ya jumla. Wewe una tukio zuri kila siku: kufunga stoo. Basi iwe hivi: nikishafunga kufuli la stoo, kabla sijavua aproni, nahesabu droo na kuandika. Aproni isivuliwe kwanza. Ukishaivua umeshakwenda nyumbani kimawazo.

Na usijitwishe mzigo wa kuandika vizuri. Luca Pacioli, mtawa wa Italia aliyechapisha mjini Venice mwaka 1494 maelezo ya utunzaji wa hesabu, aliwapa wafanyabiashara vitabu vitatu, na cha kwanza kilikuwa daftari la ovyo: kila kinachoingia na kutoka kinaandikwa papo hapo kama kilivyotokea, kupangwa ni baadaye. Nimeona biashara nyingi zikikwama kwa sababu mwenyewe anataka kuanza na kitabu cha tatu. Tarehe, nani, kitu gani, kiasi gani. Hiyo inatosha kwa siku.

Kupanga kuwe mara moja kwa wiki, saa moja, siku ambayo wateja ni wachache. Ukikaa hapo tazama nani anakudai na lini, nani unamdai na amepitisha siku ngapi, na mbao na misumari ya wiki ijayo itanunuliwa kwa fedha ipi. Hili la mwisho lisome pamoja na tarehe zako za pango na mishahara, kwa maana biashara inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na siku ya pango droo ikawa tupu. Na wewe jiandikie posho yako, kiasi kimoja, siku moja kila wiki. Kuchota chota kwenye droo kila unapopata shida ndiko kunakofanya hesabu zisikubaliane.

Zile risiti za zamani? Usizianze zote. Anza kuandika leo, za nyuma zitenge kwa mwezi kwenye bahasha, ufungue bahasha moja kila wiki baada ya hesabu ya wiki hiyo.

Simu sikushauri uigombanie, maana kwa wengi wetu sasa ndiyo mlango wa duka. Ila mlango hufungwa. Chagua nyakati tatu za kujibu, labda ukifungua, mchana na kabla ya kufunga, uandike saa hizo kwenye maelezo ya akaunti yako. Maswali yanayojirudia yaandalie majibu mapema: picha na vipimo vya kila aina ya meza, bei, muda wa kutengeneza, kiasi cha malipo ya awali. Wa saa nne usiku atajibiwa asubuhi. Anayetaka kununua kweli atasubiri, na aliyekuwa anazurura tu alishalala.

SWALI: Nitumie programu ya simu au daftari?
*Msomaji*

JIBU: Kile utakachokifungua mikono ikiwa michafu na mteja amesimama mbele yako. Kwa anayefanya kazi peke yake, daftari mara nyingi linashinda. Mkiwa watu wanne wanaopokea oda sehemu tofauti, programu, kwa sababu wote wataona oda ileile kwa wakati mmoja. Usitumie vyote viwili. Ukichagua daftari, lipige picha kurasa zake kila Jumamosi, kwani likilowa halina nakala.