Kuhakiki bendi changa ya metali bila kuionea

Ndugu yangu, umeuliza kama ni haki kuandika kasoro za bendi changa ya metali (heavy metal, muziki mzito wa magitaa ya umeme) hapa Mwanza, ilhali wapenzi wa muziki huu ni wachache. Kwa maoni yangu ni haki, tena ni wajibu, mradi mhakiki atenganishe kosa la wanamuziki na kosa la vyombo. Katika ukumbi ambao spika zake zilipangwa kwa ajili ya bongo fleva, besi hufunika kila kitu, na magitaa mawili yaliyoshushwa tuni (nyuzi zikilegezwa ili sauti iwe nzito) hugeuka mvumo mmoja; hilo asilaumiwe mpiga gitaa. Lakini mpiga dramu anayepoteza mwendo pale kanyagio mbili za ngoma kubwa zinapoanza kwenda kasi aambiwe, na utajwe wimbo wenyewe na sehemu yake, ili ajue pa kufanyia mazoezi. Sifa za jumla hazimsaidii mtu, wala sioni faida ya kumpima kila kijana wa Ilemela kwa Black Sabbath, bendi ya Uingereza iliyoasisi muziki huu.

Kuhusu kuisaidia bendi kama hiyo, lipa kiingilio hata kama unafahamiana na wapiga muziki, kisha nunua rekodi zao. Muziki huu huvuka mipaka: Duma, bendi ya metali ya Nairobi, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu. Kwa hiyo andika uhakiki utakaomfaa pia msikilizaji wa Kampala au Kisumu: eleza sauti ilivyo, mashairi yanazungumzia nini, na wimbo unapatikana wapi.