Saa "imepotea", "imechelewa" au "haishiki majira"?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nina saiba ndogo hapa Kawangware, Nairobi. Kompyuta moja inanisumbua saa. Nilimwandikia fundi: "Saa ya kompyuta imepotea." Akaja, akaiweka sawa, nikamlipa, akaenda zake. Kesho yake ikawa vile vile. Kila asubuhi nikiiwasha hurudi mwaka 2015, na tovuti zinakataa kufunguka mpaka niibadilishe kwa mkono. Mume wangu anasema ningeandika "imechelewa". Sahihi ni kipi? Na kule kompyuta kuchukua saa kutoka intaneti tukuiteje kwa Kiswahili?

JIBU: Marahaba, dada. "Saa imepotea" liache. Kwa Kiswahili saa iliyopotea ni ile uliyoivua mkononi ukaisahau kwenye matatu. Nadhani fundi wako alikuelewa kwa sababu tu neno "kompyuta" lilikuwa karibu.

Mumeo naye amechagua kitenzi kizuri, ila kitenzi peke yake hakitoshi. Hapa kazi kubwa inafanywa na kile kiambishi kidogo kilichotangulia mzizi. Ukisema "saa imechelewa", -me- inataja hali iliyokwisha kufika: nimeitazama, nimeikuta iko nyuma. Anayesikia hivyo huisogeza mbele na kazi imekwisha. Ukisema "saa inachelewa", unataja mwendo: sasa hivi, tunapozungumza, inaachwa. Ukisema "saa huchelewa", hiyo ni tabia yake, na tabia haiondoki kwa kusogeza mishale mara moja. Ndiyo maana siwezi kumlaumu fundi. Alitengeneza kile alichoandikiwa.

Pwani kuna usemi wa zamani ninaoupenda sana, nao unafaa hapa kuliko istilahi yoyote mpya: saa haishiki majira. Majira ni wakati katika mpangilio wake, na saa isiyoyashika ni ile ambayo hata ukiiweka sawa leo, itateleza tena. Walioanza kuutumia walikuwa na saa za kutia ufunguo, lakini ugonjwa ni ule ule. Ndani ya kompyuta kuna kipande cha fuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na kompyuta huhesabu mitetemo hiyo. Fuwele ikitetema pungufu kidogo, au joto likiibadilisha, hesabu inakwenda kando. Kosa la sehemu 20 katika milioni, ambalo ni la kawaida kabisa, hufikia karibu sekunde mbili kwa siku, yaani takriban dakika moja kwa mwezi. Kwa hiyo kila saa ya kompyuta huteleza. Kinachotofautiana ni kiasi.

Sasa tazama jinsi kitenzi kinavyobeba uchunguzi. "Huchelewa kidogo kidogo" inampeleka fundi kwenye fuwele, na kwenye swali la kama kompyuta inapata saa ya mtandao. "Iko nyuma kwa saa tatu kamili" inampeleka kwingine kabisa. Nairobi iko mbele ya saa ya ulimwengu kwa saa tatu, kwa hiyo pengo la saa tatu zisizozidi wala kupungua karibu kila mara hutokana na mpangilio wa saa za eneo. Hutokea pia kwenye mashine yenye mifumo miwili, Windows na Linux: Linux huhifadhi saa ya ulimwengu ndani ya mashine, Windows huisoma ikidhani ni ya Nairobi. Mashine haiugui. Mifumo miwili haijaelewana.

(Ukiandika hilo, andika "kwa saa tatu" au "muda wa saa tatu". "Iko nyuma saa tatu" mtu anaweza kuisoma kuwa saa tatu asubuhi. Najua wengi wetu Nairobi tunakwepa utata huo kwa kusema "masaa matatu". Katika mazungumzo sioni ubaya wake, kwani wasemaji wamejitengenezea tofauti wanayoihitaji. Katika maandishi sanifu, wingi wa saa ni saa.)

Kuhusu intaneti, utakutana na maneno mawili kwenye simu na kompyuta: kusawazisha na kulandanisha. Mimi nachagua kulandanisha. Kusawazisha kuna sauti ya mpira ndani yake: aliye nyuma ndiye anayesawazisha bao. Lakini saa ya kompyuta inaweza kuwa mbele ikahitaji kurudishwa, na hapo neno linakwaza. Kulandana ni kwenda sambamba na kingine, popote ulipoanzia. Sema basi: kompyuta hulandanisha saa yake na ya seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayozihudumia nyingine.

Utaratibu wenyewe ni wa miaka mingi. David Mills, Mmarekani ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Delaware, alichapisha maelezo yake mwaka 1985, na hadi leo kompyuta huulizana saa kwa kanuni zilizotoka huko. Kompyuta huuliza, hupokea jibu, hupima jibu lilichukua muda gani njiani, ndipo hujirekebisha. Na hapa vitenzi vyetu vinasaidia tena. Pengo dogo kompyuta hulisogeza: huharakisha au hupunguza mwendo wa saa mpaka zilandane, bila kuruka sekunde hata moja. Pengo kubwa huruka kwa mkupuo mmoja. Likiwa kubwa mno, baadhi ya programu hukataa kabisa. Ntpd, iliyo maarufu kwenye seva, kwa kawaida hujifunga yenyewe pengo likizidi sekunde 1,000, kwa kuhofia kwamba kuna kosa zito ambalo binadamu anapaswa kulitazama. Kwa hiyo mashine iliyorudi nyuma miaka mingi huenda isijiponye hata intaneti ikiwa nzuri.

Tovuti nazo hukataa kwa sababu hiyo hiyo. Kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani ni 2015 huona cheti cha mwaka huu hakijaanza kutumika, nayo haikiamini.

Sasa rudi kwenye barua yako, dada. Fundi ulimwandikia "imepotea", lakini mimi uliniandikia "kila asubuhi nikiiwasha hurudi mwaka 2015". Hiyo hu- yako ni sahihi kabisa, na "nikiiwasha" ni dhahabu. Saa inayorudi tarehe ile ile kila mashine inapokaa bila umeme haijachelewa hata kidogo. Imeanza kuhesabu upya, kwa kuwa betri ndogo iliyo kwenye ubao wake imekwisha. Mtumie fundi maneno yako yenyewe:

"Kompyuta ikizimwa usiku, asubuhi saa na tarehe hurudi mwaka 2015. Mchana ikiwa imewashwa hushika majira. Tafadhali njoo na betri ya CR2032."

Kabla ya kuutuma ujumbe huo, hakikisha ile sentensi ya mchana ni kweli. Iweke sawa saa mbili asubuhi, uilinganishe na simu yako saa kumi jioni.