Mwanao akitaka kuandamana dhidi ya bunduki, nenda naye

Jumatatu ya tarehe 27 Machi 2023 nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala, simu ikaita na kuita tena. Alikuwa dada mmoja wa jumuiya yetu, Mrundi, akitaka kujua watoto wangu wanasoma shule gani. Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba mtu ameingia na bunduki katika shule ya Covenant hapa Nashville, jimbo la Tennessee. Aliua watoto watatu wa miaka tisa na watu wazima watatu. Wangu hawakuwa wakisoma pale. Nikashukuru Mungu, na papo hapo nikaona haya, kwa sababu kuna mama watatu siku ile hawakuwa na la kushukuru.

Siku chache baadaye binti yangu, wakati huo ana miaka 15, akaniambia jikoni: "Mama, Jumatatu tunaandamana. Saa nne na dakika 13 tunatoka darasani." Dakika ile ndiyo polisi walipopokea simu ya kwanza kutoka Covenant. Nikasema hapana kabla hajafunga mdomo.

Wazazi wenzangu mnaosema Kiswahili huku Marekani, najua wengi wenu mngejibu vivyo hivyo, ndiyo maana naandika. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kwetu neno maandamano huja na vitoa machozi, na watu wakikimbia hata wakaacha viatu barabarani. Saba Saba ya 1990, yale maandamano ya Kenya ya kudai vyama vingi, nilikuwa mtoto, na bado nakumbuka watu wazima wakifunga madirisha mchana kweupe na kuongea kwa kunong'ona. Nilipompigia mamangu kumweleza, alinijibu kama nilivyotarajia: "Mwanangu, wewe mgeni huko. Ya wenyewe yakuhusuni?"

Kilichonigeuza ni bango. Usiku nilimkuta binti yangu amekaa sakafuni, amepasua boksi la mafuta ya kupikia, anaandika kwa kalamu nene. Kwa Kiswahili maneno yake yangekuwa hivi: NINA MIAKA 15. NAJUA PEMBE YA DARASA ISIYOONEKANA KUTOKA MLANGONI. Nikamuuliza, pembe gani? Akanitajia moja moja. Darasa la hesabu, nyuma ya kabati la vitabu. Darasa la historia, chini ya meza ya mwalimu, lakini wanaenea watu wanne tu. Maabara haina pembe kabisa, ina vioo pande mbili. Alivisema hivyo kwa sauti ileile anayonitajia orodha ya vitu vya dukani.

Kisha akanikumbusha viatu. Alipokuwa darasa la kwanza nilimnunulia viatu vya kuwaka taa kisiginoni kila unapokanyaga. Alivipenda, lakini shuleni alikataa katakata kuvivaa, nami nikamgombeza kwa kunipotezea pesa. Usiku ule ndipo nilipojua kwamba darasani walikuwa wakifanya mazoezi ya kujificha, taa zimezimwa, kimya, na yeye akiwa na miaka sita aliogopa viatu vitamwonyesha alipo. Miaka tisa mtoto amekaa na jambo hilo na mimi sina habari. Baada ya hapo sikuwa tena na hapana ya kumwambia.

Basi nawapa niliyojifunza, mengine kwa kufanya vizuri na mengine kwa kukosea.

Kwanza shule. Mwanafunzi akitoka darasani kuandamana, shule ina haki ya kuhesabu kwamba amekosa kipindi bila ruhusa, kama ingemhesabia kwa sababu nyingine yoyote. Isichoruhusiwa shule ya umma ni kumpa adhabu kali zaidi kwa sababu tu alitoka kuandamana. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 1969, katika kesi ya wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, kwamba mwanafunzi haachi haki yake ya kusema anapoingia lango la shule. Mimi sikutaka mabishano. Nilikwenda ofisini asubuhi, nikatia saini ya kumtoa mapema, nikampakia garini. Tunaishi upande wa Antioch, mbali na katikati ya mji, na asingefika kwa miguu. Mkiwa wazazi wawili watatu wenye magari, chukueni na watoto ambao wazazi wao wako kazini, lakini ongeeni na wazazi hao wenyewe kwa simu. Usimbebe mtoto wa mtu kwa neno la mtoto.

Siku yenyewe walijaa maelfu, wa sekondari na wa vyuo, wakipanda kilima kuelekea jengo la Bunge la Tennessee. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa virungu: viatu vya kukimbilia, hati zangu zote kwenye mkoba, moyo juu. Nilichokuta ni watoto. Wasichana wenye vyuma vya meno wanapaza sauti hadi zinakauka. Mvulana mmoja amembeba mdogo wake mabegani. Polisi wamesimama kando, wengine wanasimamisha magari ili watu wapite. Usichukulie kwamba itakuwa hivyo kila mahali na kila siku, lakini maandamano ya wanafunzi niliyohudhuria yote yamekuwa ya amani, na ukimweka mwanao katikati ya kundi, kwenye njia ya watembea kwa miguu, na mmekubaliana mahali pa kukutania mkipotezana, umefanya sehemu kubwa ya kazi. Namba yako iandikwe kwa wino mkononi mwake, kwa sababu simu huzima chaji. Maji mengi. Bango lisiwe na mti, mkitaka kuingia ndani ya jengo mtazuiwa mlangoni.

Jambo la kukaa nalo sana ni meza. Kwenye maandamano haya, hasa yale yanayoandaliwa na March for Our Lives, kundi la vijana wanaopinga mauaji ya bunduki, hukosi meza ya watu wa kujitolea wenye karatasi za kuandikisha wapiga kura. Ni watu wema, na kwa raia kazi yao ni ya maana kuliko kelele zote. Lakini wewe mwenye kadi ya kijani ya ukaazi, mwenye hifadhi ya ukimbizi, mwenye viza ya masomo, usitie saini karatasi ile. Mwanao asiye raia asitie saini. Ile karatasi inakutaka uthibitishe kuwa wewe ni raia wa Marekani, na kujidai raia wakati si raia kunaweza kukufungia mlango wa uraia maisha yako yote na hata kukurudisha ulikotoka. Hakuna atakayesikiliza kwamba hukuelewa Kiingereza, au kwamba kijana aliyekupa kalamu alikuwa mchangamfu. Binti yangu alikuwa ameshika kalamu tayari. Alidhani ni karatasi ya majina ya waliohudhuria. Nilimshika mkono kwa nguvu hadi akashtuka, na yule kijana wa mezani, maskini, akadhani namkataza mwanangu siasa. Nikamweleza. Akashukuru, na kuanzia hapo nikamsikia akimuuliza kila anayekuja kama ni raia kabla ya kumpa karatasi.

Kuhusu hadhi yako mwenyewe: haki ya kukusanyika kwa amani katika katiba yao ni ya watu, haikuandikwa kwa raia pekee. Lakini kukamatwa kwa mhamiaji si sawa na kukamatwa kwa raia, hata kwa kosa dogo, na tangu 2025 tumeona wanafunzi wa kigeni wakifutiwa viza kwa sababu ya maandamano ya mambo mengine. Kwa hiyo polisi wakisema ondokeni hapa, ondoka. Usikae barabarani kuzuia magari hata kama wenzako wanakaa. Kama una kesi ya uhamiaji inayoendelea, muulize mwanasheria wako kabla, na akikwambia ubaki nyumbani, baki. Kuna kazi ya kuandika mabango, kupika, kuendesha gari. Mimi sitamwona mwoga mtu anayelinda makazi ya watoto wake.

Ukishafika, ingia ndani. Hili ndilo ninalowasihi zaidi. Ofisi za wabunge wa jimbo ziko kwenye jengo la Cordell Hull, karibu na Bunge, na ni haki ya mtu yeyote kwenda kugonga mlango wa mbunge wa eneo lake. Binti yangu alisoma ujumbe wake kwa karani, karani akauandika, na mimi nikasema kwa Kiingereza changu kwamba ninaishi eneo hilo, ninalipa kodi, na mwanangu anajua pembe zote za kujifichia. Dakika tatu tu. Karani aliacha kuandika akamtazama mtoto.

Je, kulibadilika nini? Nitawaambia ukweli wote. Siku tatu baada ya maandamano yale, tarehe 6 Aprili, Bunge liliwafukuza wabunge wawili vijana, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kuongoza kelele za waandamanaji ndani ya ukumbi, na mwenzao wa tatu, Gloria Johnson, akanusurika kwa kura moja. Kabla ya wiki kupita, mabaraza ya nyumbani kwao yalikuwa yamewarudisha. Gavana akasaini amri ya kuimarisha ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki, na Agosti akaita kikao maalumu. Sheria waliyoiomba watoto, ya kumwondolea silaha kwa muda mtu anayeonekana hatari, haikupita. Mwaka 2024 ikapita nyingine, ya kuwaruhusu walimu kubeba bastola shuleni. Binti yangu alilia siku hiyo. Mimi humkumbusha Florida: kule Parkland watu 17 waliuawa shuleni tarehe 14 Februari 2018, wanafunzi wakapanda mabasi kwenda Tallahassee, mji mkuu wa jimbo, kabla hata wiki mbili hazijaisha, na siku 23 baada ya mauaji gavana akasaini sheria iliyopandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21 na kuruhusu silaha za watu hatari zichukuliwe kwa amri ya mahakama. Bunge lile nalo lilikuwa la chama kilekile cha Republican, kama hili letu.

Na kuna sheria moja isiyongoja Bunge. Tangu 2020, risasi ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa nchi hii, zimezipita ajali za magari. Baadhi ya bunduki hizo ziko kwetu. Ndugu zetu wanaoendesha teksi usiku, wanaouza kwenye vituo vya mafuta, wamenunua bastola na wanaiacha kwenye droo ya gari au chini ya godoro. Niliporudi kutoka maandamanoni nilimuuliza shemeji yangu yake iko wapi. Akachukia siku mbili. Siku ya tatu akanunua kisanduku cha kufuli. Sasa mtoto wangu akialikwa kulala kwa rafiki, nauliza: bunduki ipo, na imefungiwa? Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito. Hadi leo hakuna aliyenikasirikia.

Tarehe 22 Januari 2025 ikafika kwetu kabisa. Katika ukumbi wa chakula wa Antioch High School mwanafunzi alimpiga risasi msichana wa miaka 16 akafa, kisha akajiua. Tuliishi siku ile simu zikiwa mkononi. Haikupita muda wanafunzi wakawa wanapanga tena kupanda kile kilima. Nilirudi kazini alfajiri nikakuta lile boksi la mafuta limetolewa nyuma ya kabati, limeegemezwa mlangoni. Ile 15 ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake ameandika 17.

Nikaanza kujaza chupa za maji.