Afisa usalama, usikubali mafunzo ya leza yanayoishia ukumbini

Leza imeingia karakana nyingi kimyakimya. Inakata mabati, inachomelea, inachora namba kwenye vipuri. Uongozi ukiona afisa usalama anamudu mambo ya moto, kemikali na umeme, humkabidhi na hii. Nami nilikabidhiwa vivyo hivyo, nikapelekwa mafunzoni. Ushauri wangu kwa mwenzangu anayejiandaa kwenda: dai muda wa kusimama mbele ya mashine iliyofunguliwa kifuniko, umeme ukiwa umekatwa, pamoja na fundi anayeitengeneza.

Nasema hivi kwa sababu kibandiko cha nje hakisemi yote. Leza hupangwa kwa madaraja ya hatari, la 1 likiwa salama zaidi na la 4 la hatari zaidi. Mashine nyingi za kukatia huandikwa Daraja la 1, kwa kuwa mwali umefungiwa ndani ya kabati, na mwendeshaji yuko salama kweli. Ila ndani ya kabati hilo mna leza ya Daraja la 4, yaani nguvu inayozidi miliwati 500, na mara nyingi inazidi mno. Mwali wake huunguza ngozi na kuwasha moto. Hata mwanga wake ukidunda kwenye kitu kisichong'aa unaweza kudhuru jicho. Fundi akifungua kifuniko na kuziruka swichi za mlango, zile zinazozima mwali kifuniko kikifunguliwa, ili apange vioo, Daraja la 1 limeondoka. Ajali nyingi za macho hutokea wakati kama huo wa kupanga mwali. Basi uliza papo hapo: ufunguo anao nani? Nani ameruhusiwa kuziruka swichi? Wengine wanazuiwaje kuingia?

Kingine cha kung'ang'ania ni miwani. Mkufunzi wetu alitugawia miwani tofauti, akatutaka tusome maandishi madogo yaliyochapwa pembeni mwa kioo. Mmoja uliandikwa 10600, mwingine 1064. Hizo ni nanomita, urefu wa wimbi ambao miwani hiyo inazuia. Leza ya kaboni dioksaidi iko kwenye 10,600. Mwanga wake huishia konea, yaani utando wa mbele wa jicho, na kioo cheupe cha plastiki kinaweza kuuzuia. Leza za nyuzi za kioo (fiber) zinazokata chuma ziko karibu na 1,070, na kioo hicho hicho cheupe huupitisha mwanga huo kama dirisha.

Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mwanga wa kati ya nanomita 400 na 1,400 hufika hadi kwenye retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, na jicho lenyewe huukusanya ukawa mkali takriban mara 100,000. Ukipita 700 na ushee hatuuoni, kwa hiyo hakuna kupepesa wala kugeuza uso. Usimruhusu mtu achague miwani kwa rangi. Asome urefu wa wimbi, kisha asome OD, kipimo cha jinsi kioo kinavyopunguza mwanga huo: OD 5 maana yake hupita sehemu moja tu kati ya 100,000.

Moshi wa vitu vinavyokatwa, pamoja na umeme unaobaki kwenye kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) baada ya kuzima, hayo afisa usalama mzoefu atayashika upesi.

Ukirudi kazini na cheti, omba barua inayokupa mamlaka ya kusimamisha mashine, hata oda ikiwa imechelewa. Barua hiyo imtaje pia atakayeshika nafasi yako ukiwa likizo, naye awe amepata mafunzo hayo hayo.