Nilikwenda Kuota Jua Ufukweni, Nikarudi na Mafua

"Dada, tumefika ufukweni jana, mvua haikatiki na baridi imetuzidi. Tufanyeje?" Ujumbe huu wa msomaji nimeusoma asubuhi nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyewahi kulia kwa jambo hilohilo.

Miaka mitatu iliyopita mimi na mume wangu tulijibana mwaka mzima tupate siku saba za bahari. Siku ya kwanza jua lilitupokea vizuri. Usiku upepo ukageuka, mlango wa roshani ukawa unajigonga, na kulipokucha bahari ilikuwa na rangi ya majivu. Kwenye begi nilikuwa na magauni manne yasiyo na mikono na kofia pana. Sweta hata moja! Nilishinda nimejifunga mataulo mawili kama mgonjwa.

Nikaenda mapokezi kuomba tupunguziwe siku. Nikaonyeshwa sahihi yangu chini ya masharti ambayo sikuyasoma. Mpaka leo inaniuma, sidanganyi. Kwa hiyo someni masharti ya kughairi kabla hamjalipa. Na utabiri uangalieni tena siku mbili tatu kabla ya kuondoka, kwa sababu ule wa wiki mbili kabla, niliouamini mimi, ni kubahatisha tu.

Siku ya tatu mvua ikapumzika. Mume wangu akasema amelipia bahari, ataogelea. Bendera nyekundu inapepea! Akachagua mahali palipoonekana pametulia, kushoto na kulia mawimbi yanaumuka povu, pale katikati hakuna. Kumbe hapo ndipo maji yanapopata njia ya kurudi baharini. Mara nikaona kichwa chake kinazidi kuwa kidogo, na yeye anapiga mikono kuja kwetu. Mlinzi wa ufuko akapuliza filimbi, akamwonyesha kwa mkono: ogelea kwa ubavu, ufuate ufuko, usishindane na mkondo. Alitokea mbali kule, meno yanagongana, hawezi hata kushika taulo. Maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa.

Jamani, bahari haina habari na risiti yako! Bendera nyekundu ikiwa juu, kaa nchi kavu. Ukisikia ngurumo, toka majini, ingia ndani ya jengo (mwavuli wa ufukweni si jengo) na usubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikirudi, anza kuhesabu upya. Na bebeni sweta. Narudia, sweta, hata kama picha za hoteli zinaonyesha jua tupu.

Siku zilizobaki tulicheza karata, mume wangu akishindwa na kununa. Akisoma hapa atanuna tena.

Msomaji wangu nimemwandikia yote haya. Amejibu upesi: "Asante dada. Ila sweta hatuna."