Nilikuwa nawaza tu

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa kwamba kufikiri na kuwaza si mapacha. Sikujua nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja kutoka kila pembe ya Mwanza, Igombe hadi Nyegezi, moja limeandikwa nyuma ya risiti ya duka la vifaa vya uvuvi. Nimechagua haya.

Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tatu, Nyegezi. Kwenye insha niliandika: "Nilikaa kando ya ziwa nikilitazama Jiwe la Bismarck, nikafikiri mimi ni samaki." Mwalimu wangu akakata "nikafikiri" kwa kalamu nyekundu, akaandika "nikawaza". Kamusi inayafanya maneno haya kuwa sawa. Nimwamini nani?

Marahaba mwanangu. Kamusi haijakosea, maana mitaani maneno haya hupokezana zamu kutwa nzima. Ila mwalimu wako ana sikio. Mtu akiniambia "nikafikiri mimi ni samaki", nitaelewa kwamba aliamini hivyo, na nitatafuta ndugu zake wamsindikize hospitali.

Nikusimulie nilikoishika tofauti yenyewe. Siku moja nilikuwa Mwaloni, Kirumba, kwa dada mmoja anayeanika dagaa. Akaokota dagaa mmoja katikati ya wenzake, akampinda kwa vidole viwili. Dagaa aliyekauka hukatika kwa mlio. Huyu alijikunja tu. Dada akatazama ziwani. Wingu lilikuwa jeusi kwa chini, upepo umegeuka na kuleta ubaridi. "Nafikiri itanyesha kabla ya saa kumi," akasema, akamwita kijana alete turubai. Nikamuuliza kwa nini. Hakusita: upepo, wingu, na juzi yake ilianza vilevile. Huko ndiko kufikiri. Ukiulizwa "kwa nini" una cha kujibu, na saa kumi ikifika jua linawaka, watu wana haki ya kukwambia umekosea.

Turubai lilipotandazwa akaketi juu ya gunia. Macho yalibaki ziwani, lakini hayakuwa yakitazama wingu tena. Nikamsemesha mara mbili, kimya. "Dada, uko mbali!" Akashtuka, akacheka: "Aa, nilikuwa nawaza tu."

Isikilize hiyo "tu". Inakaa na kuwaza kama chumvi na ugali wa muhogo, maana kuwaza kunairuhusu akili itembee bila kubeba mzigo wa ushahidi. Baadaye aliniambia alikokuwa: nyumba yenye bati la rangi huko Igoma, yeye kibarazani anakunywa chai, hanuki dagaa. Ningemwambia "umekosea" angenishangaa. Kakosea nini? Hajadai kitu.

(Mvua haikunyesha siku ile. Alifikiri, akakosea. Ile nyumba haijakosewa mpaka leo.)

Kwa hiyo "nikawaza" ya mwalimu ni nzuri, ingawa mimi ningeivuta mbele kidogo: "nikawaza, ningekuwa samaki ningeishi chini ya jiwe lile." Hiyo -nge- inafanya kazi kubwa kuliko kitenzi chenyewe. Inamwambia msomaji kwamba tumetoka kwenye yaliyopo, tunatembea kwenye yasiyokuwepo. Unaweza pia kusema "nikajiona samaki", lakini kuwa mwangalifu, kujiona kuna maringo ndani yake.

Mimi ni bodaboda, kijiwe cha Buzuruga. Nikichelewa kurudi, mke wangu husema "nilidhani umeshakula", na sufuria imeshaoshwa. Je, kudhani ndiko kufikiri?

Ni ndugu wa karibu, kaka, ila kudhani ni kulishika jambo kuwa kweli kabla hujalihakikisha. Na angalia wakati wa kitenzi. "Nadhani" bado imeacha mlango wazi. "Nilidhani" karibu kila mara inatangaza kwamba haikuwa hivyo. Hakuna mwanamke anayemwambia mumewe "nilidhani wewe ni mume wangu" halafu wakalala kwa amani. Kwa hiyo shemeji, kisarufi, amekiri kwamba hukula. Sufuria sina la kusema. Mpigie simu mapema.

Nafasiri hadithi za watoto, niko Ilemela. Nikikutana na lile neno la Kiingereza la kuona kitu kwa macho ya akili, "imagine", kila mara nakwama. Niweke lipi?

Hulipati moja, na afadhali usilitafute. Nenda ukawasikilize watoto wenyewe wakicheza. Wanasema "eti mimi dereva, wewe konda". Neno "eti", ambalo sisi wakubwa tunalitumia kumdharau msemaji, kwao ni ufunguo wa ulimwengu mzima. Wakikua kidogo wanaingia darasani na kukuta "chukulia kwamba" ya mwalimu wa hesabu. Barazani tunasema "tuseme". Na vijana wamelipata la kwao, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: "vuta picha". Vuta picha umeshinda bahati nasibu. Vuta picha mama mkwe ndiye abiria wako. Kitenzi kina misuli, unaiona picha ikija kama wavu unaovutwa ufukweni.

"Fikiria" nalo linafaa, lakini lina sura mbili. "Nitalifikiria ombi lako" ni kazi ya kupima sababu, au njia ya heshima ya kukataa. "Fikiria uko Ukerewe, jua linazama" ni kuvuta picha. Kinachoamua ni kile kinachofuata kitenzi. Tena ongeza herufi chache mwishoni mwa "fikiri" uone: kufikirika. Kitu cha kufikirika tunakiita hivyo kwa sababu hakipo ila akilini, na Shaaban Robert aliipa nchi nzima ya kubuni jina hilo hilo, Kufikirika. Maana yake lugha yenyewe, ilipotaka jina la yasiyokuwepo, ililitoa kwenye tumbo la kufikiri. Hapo ndipo mwenye kamusi anaponishinda, nami nakubali.

"Taswira" waachie wahakiki wa mashairi. Mtoto wa miaka sita ukimwambia "jenga taswira" atakuuliza matofali yako wapi.

Mwalimu, ni fundi nyavu wa Igombe. Kijana wangu amebisha kwamba huwezi kukifikiri kitu usichoweza kukiona kichwani. Ni kweli?

Si kweli, na ushahidi unao mapajani. Lakini kwanza tukuitie shahidi wa mbali. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes aliligusa jambo hili katika tafakuri zake za mwaka 1641. Pembetatu, anasema, unaielewa na pia unaiona mbele ya macho ya akili, pande zote tatu. Sasa chukua umbo la pande 1,000. Kulielewa hakuna taabu: lina pande 1,000, si 999. Lakini ukijaribu kuliona, linakujia kitu cha ukungu-ukungu ambacho hakitofautiani na umbo la pande 10,000. Akili imeelewa, picha ndiyo imegoma. Kwa hiyo, kwa Descartes, kuelewa na kuvuta picha ni kazi mbili.

Rudi kwenye wavu wako. Tuseme una macho, yaani matundu, 26 kwenda chini na 1,000 kwenda pembeni. Zidisha: macho 26,000. Hesabu hiyo unaijua, na ndiyo unayoitumia kukadiria uzi na siku za kazi. Sasa funga macho uyavutie picha yote 26,000. Utauona wavu, lakini hutaiona 26,000. Toa jicho moja: hesabu imebadilika, picha iko vilevile. Mwambie kijana kwamba sangara atapita kwenye hilo moja ambalo kichwa chake hakikuliona.

Naunda mitumbwi. Watu wakisema "vuta picha" nilikuwa nadhani ni msemo tu. Juzi binti yangu akaniambia yeye akifunga macho anamwona bibi yake na kanga aliyovaa. Mimi nikifunga macho ni giza. Je, nina kasoro?

Huna kasoro, mzee wangu, na wala hauko peke yako. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwaomba watu wakumbuke meza waliyonywea chai asubuhi, wamweleze wanaionaje akilini: inang'aa au imefifia, ina rangi au haina. Wapo walioiona kana kwamba iko mbele yao. Wapo, na miongoni mwao wanasayansi, waliomshangaa. Walikuwa wakidhani, kama wewe, kwamba kuona kwa akili ni namna ya kusema tu.

Jambo hilo likakaa karibu bila jina hadi mwaka 2015, daktari wa mishipa ya fahamu Adam Zeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walipoliita afantasia. Jina wamelitoa kwenye Kigiriki cha Aristotle: fantasia, uwezo wa kuvuta picha akilini, na "a" ya mbele ina maana ya kukosa. Waliandika habari za watu 21 wa aina yako. Kilichonigusa mimi ni kwamba wengi wao walisema usingizini wanaota kwa picha kama watu wengine. Giza ni la mchana tu. Jichunguze usiku, uniambie.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vyako vinaelea. Nimewahi kumtazama fundi wa kazi yako akipitisha kiganja kwenye ubavu wa mtumbwi, akasimama, akarudisha kiganja nyuma upana wa vidole viwili, akachora alama kwa mkaa. Hakuwa na mchoro popote. Nilijua anafikiri, lakini kama aliona chochote kichwani sikumuuliza, na sasa najuta.

Jirani amesema mama yangu "ana mawazo". Mgeni wetu kutoka nje, anayejifunza Kiswahili, akampongeza mama. Tumwelezeje?

Mwambieni wingi umemponza. Kuwa na wazo ni heri: mwenye wazo anapewa nafasi kikaoni. Kuwa na mawazo ni kukosa usingizi, na yakizidi tunaita msongo wa mawazo. "Toa mawazo yako" iko salama kwa sababu yanatoka. Yanayobaki ndani ndiyo yanayomkondesha mtu. Fikra hazina tabia hiyo. Enzi za chama kimoja tuliimba "zidumu fikra za Mwenyekiti", na hakuna aliyethubutu kumwombea Mwenyekiti mawazo yadumu.

Mama apewe pole, na mtu wa kukaa naye jioni.

Nauza mayai ya kuchemsha stendi ya Nyegezi. Nina mpango: trei moja, kisha mbili, kisha kuku wangu mwenyewe, kisha gari. Mjomba anasema ni ndoto za Alinacha. Huyo Alinacha ni nani, na nimemkosea nini?

Ni mtu wa hadithi za Alfu Lela Ulela, ndugu wa kinyozi mmoja. Alirithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo, akavipanga mbele yake akaketi kungoja wateja. Wakati anangoja akaanza: hivi nitauza kwa 200, nitanunua vingine niuze kwa 400, mpaka akawa tajiri, akamwoa binti wa waziri. Binti akaja kumbembeleza kwa unyenyekevu, naye, kwa kiburi cha mtu tajiri, akampiga teke. Teke likavipata vyombo.

Mjomba anafikiri kosa lilikuwa kuwaza. Mimi sioni hivyo. Mia kuwa mia mbili ni hesabu ya kawaida ya sokoni. Binti wa waziri naye hakumdhuru mtu, alikuwa mawazo ya mchana wa joto. Kosa lilikuwa la mguu, ulioamka kabla ya mwenyewe.

Nimeisoma hesabu yako, mdogo wangu. Trei ya mayai 30 unainunua 9,000, kila yai unauza 500, jumla 15,000, faida 6,000. Mkaa hujauandika. Chumvi, pilipili na vifuko hujaviandika. Wala hujaandika mayai yanayopasuka sufuriani na yale ambayo abiria anayapokea dirishani basi likiwa linaondoka. Andika hayo kwa wiki mbili, kila jioni, kisha uniletee. Gari liache pale pale lilipo, na ulichagulie rangi.